Hela ya kumzika mama ipo, ya godoro lake haipo. Ndugu zangu wamenifika hapa

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Anayetaka kuniambia "mambo ya familia yamalizwe ndani" asome kwanza, maana huko ndani nimeshasema mpaka sauti imekauka.

Mama yangu ana miaka 76. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na mdomo ukapinda. Tupo Ngamiani, nyumba ileile aliyotulelea. Tumezaliwa watano: kaka wawili wako Dar, dada yuko Arusha, kaka mwingine yuko Muscat, na mimi kitinda mimba ndiye niliyebaki Tanga. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na mwanangu, kwa hiyo kikao cha nani akae na mama hakikumaliza hata dakika kumi. Kaka mkubwa alisema, "Wewe si upo tu." Wote wakaitikia.

Sikuwa nipo tu. Nilikuwa nauza mbaazi na mahamri kila asubuhi, biashara ileile aliyowasomeshea mama hao wote wanne. Nikaifunga. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza nilikuwa napata shilingi ngapi kwa siku.

Wanaodhani kumuuguza mtu wa kitandani ni kumpa uji na kukaa pembeni na simu, sikilizeni. Nesi aliniambia nimgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, ubavu huu, chali, ubavu ule, kwa sababu damu haipiti vizuri pale mfupa unapobana nyama kwenye godoro. Mama si mwepesi na mimi niko peke yangu. Nasokota kanga chini ya mgongo wake, navuta, naingiza mto, namfuta, nampaka mafuta. Chakula nakilainisha kama cha mtoto, namkalisha wima, kijiko cha chai kimoja kimoja, nasubiri ameze, kwa sababu akipaliwa kinaweza kuingia kwenye mapafu. Uji wa bakuli moja unakula saa nzima. Tangu Idi iliyopita sijalala usiku mzima hata mmoja.

Mwezi uliopita namwogesha, nikaona alama juu ya nyonga, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, nyeusi kuliko ngozi ya pembeni. Nikagusa, ina moto. Mwenye kuuguza anajua hicho ni nini. Kidonda kinaanzia ndani, kikifunguka unaona mfupa. Nikaulizia, nikaambiwa lipo godoro la upepo lenye pampu, linajaa na kupungua lenyewe. Bei Sh 350,000.

Na hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Wiki mbili kabla ya hapo kaka mkubwa aliandika kwenye grupu la familia kwamba tuanze kuchanga "kwa lolote litakalotokea". Mnaelewa maana yake. Mama anapumua, anameza uji wangu, wao wanachangia msiba wake. Na michango ilivyoingia! Ndani ya siku mbili zilifika Sh 1,150,000. Watu ambao nikiomba Sh 18,000 ya pempasi wananiambia mwezi umekaa vibaya. Binamu ambao hawajawahi kupiga simu kuuliza mama ameamkaje, wametuma.

Nikaandika: naomba tutoe humo hela ya godoro, mama ameanza kupata kidonda. Kimya. Alama za bluu tu. Baada ya saa nzima kaka akajibu, "Hiyo hela ina kazi yake, haiguswi."

Kazi gani? Sisi ni Waislamu. Mama akifa anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa na kuzikwa, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimesaidia kuosha maiti mtaani, najua kinachohitajika ni kidogo. Zinazobaki ni za maturubai, pilau na koasta ya kuleta watu wa Dar, ili wageni wakiondoka waseme wale watoto wamemzika mama yao. Mama hataionja hiyo pilau. Godoro angelilalia leo.

Kaka huyu kila Ijumaa anatuma kwenye grupu aya ya Suratul Israa, ile inayokataza kuwaambia wazazi hata "ah" wakifika uzeeni. Nimeisoma pamoja na tafsiri. Inamzungumzia mzazi anayefikia uzee akiwa kwako. Kwako, kaka! Mama tangu augue hajalala kwako hata usiku mmoja.

Tanga yetu inaitwa waja leo waondoka leo, na wao wameligeuza jina hilo kuwa utaratibu. Idi wamekuja asubuhi, wakapiga picha na mama nikiwa nimeshamvisha dera jipya, alasiri wako stendi ya Kange. Wifi mmoja akasimama mlangoni na mtandio puani, akaniuliza kwa nini chumba kina harufu ya mkojo. Namjibu hapa, maana siku ile nilinyamaza kwa heshima ya mama: shuka hufuliwa mara tatu kwa siku, na mikono inayofua ni hii miwili.

Serikali nayo sitaipitia mbali. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, mzee ni kuanzia miaka 60, asiye na uwezo atibiwe bure. Kitambulisho cha mama ninacho. Kinamfikisha kwa daktari, kisha naandikiwa dawa ya presha nikanunue dukani. Wenzetu Zanzibar wanalipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, walianza Aprili 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi. Huku bara mama aliyekaanga mahamri miaka 40 hana mwajiri, basi hana pensheni.

Lakini Serikali haikunyonyeshwa na mama yangu. Hawa wanne walinyonyeshwa.

Jana nimewaandikia mara ya mwisho. Watoe hela ya godoro, au mama akae kwa kila mmoja miezi miwili kwa zamu, au mmoja aje wiki moja nilale. Wa Muscat amenitumia laki moja pembeni, akaniomba nisiwaambie wenzake. Nashukuru, ila nimeshindwa kuelewa kumsaidia mama kunafichwa kwa nini. Dada amesema nina dharau. Kaka amenitoa kwenye grupu.

Kwa hiyo nina laki moja. Mwenye godoro la upepo lililotumika, awe Tanga mjini, Muheza hata Korogwe, naomba aniambie bei yake. Pampu ikiwa na kelele haidhuru. Nitalifuata mwenyewe, jirani amekubali kukaa na mama nusu siku.