Baba mwenye nyumba anaingia ndani kwangu nikiwa sipo, nikimuuliza anasema nyumba ni yake

Wakuu habari zenu. Naandika nina hasira na sitaki kuificha maana leo yamenifika shingoni.

Asubuhi nimetoka shifti ya usiku, nimeoga nimelala, hata lisaa halijaisha nasikia ufunguo unazunguka kwenye kitasa. Hakuna hodi, hakuna simu, ufunguo tu. Nikajua ni mwizi, nikavuta shuka nikashika simu natetemeka, mara mlango huo wazi, baba mwenye nyumba huyo na watu wawili nyuma yake siwajui hata kwa sura, anawaonyesha hapa sebule, chumba kile pale, choo ndani kwa ndani. Macho yakagongana na mimi niko kitandani. Anasema, "Aah binti, kumbe upo? Nilijua umeenda kazini."

Hilo "kumbe upo" ndio limenimaliza kabisa. Hajasema samahani nimeingia bila kukwambia, yeye kilichomshangaza ni kunikuta! Ina maana kwa akili yake nisipokuwepo ni ruksa, na ina maana sio leo tu.

Maana nilikuwa nahisi. Kuna droo naweka vyeti vyangu vya hospitali, ile droo haifungi vizuri, huwa naiachaga na upenyo wa kidole, siku moja narudi naikuta imesukumwa mpaka mwisho. Nikajiambia labda nimesahau. Basi nikaanza kukunja kikaratasi kidogo kama ukucha nakibana chini ya mlango karibu na bawaba kila nikitoka. Ndani ya wiki mbili nimekikuta sakafuni mara 3. Bado nikajifariji ni upepo, upepo gani jamani kwenye mlango uliofungwa na ufunguo?

Wale wageni walipoondoka nikamfuata nje, nikamwambia mzee kwa heshima zote hii sio sawa. Akaniambia nyumba ni yake, funguo ni zake, na kama sina ninachoficha naogopa nini.

Hapo ndio watu wengi wanapotuchanganyia mambo. Umiliki ni wake, sijawahi kubisha. Lakini akishachukua kodi amenipa mimi nikae hapo kwa muda huo, na haki ya kukaa ndio hiyo hiyo ya kuamua nani avuke kizingiti. Ufunguo wa akiba anautunza kwa ajili ya dharura, haujawahi kuwa ruhusa ya kuingia. Na suala la kuficha halipo, vyeti vyangu vya hospitali sio siri ya uhalifu, ni vyangu tu, basi inatosha.

Badala ya kulala mchana nimeshinda nasoma. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 12, linasema mtu asiingiliwe kiholela kwenye faragha yake, familia yake wala maskani yake. Linasema maskani, halisemi nyumba uliyojenga mwenyewe, kwa hiyo na sisi wapangaji tumo. Uingereza sheria yao ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba akitaka kukagua hali ya nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla, na aje muda wa kueleweka. Ontario kule Kanada ni hivyo hivyo saa 24 kwa maandishi, aseme anakuja kufanya nini, na aje kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. California nako hata ukisaini kwenye mkataba kwamba umeiacha hiyo haki, hicho kipengele hakina nguvu. Sasa wewe angalia sheria ya unapoishi na mkataba wako inasemaje, ila msije kuniambia hili ni jambo nimelitunga kwa sababu nina kiburi.

Na sikatai kila kitu jamani. Bomba limepasuka maji yanashuka kwa jirani wa chini, moto, harufu ya gesi, aingie hata avunje mlango nitamshukuru. Fundi wa kurekebisha aje, aniambie siku na saa tu. Mpangaji mpya anataka kuona? Nambie jana yake, nitapanga nyumba, nitavaa, nitafungua mwenyewe.

Jirani yangu kaniambia vumilia mdogo wangu, utafukuzwa. Namuelewa, kuhama sio mchezo. Ila nimejaribu kulala tena mchana huu nimeshindwa, kila nikisikia hatua kwenye korido naangalia kitasa. Nimeshatia komeo kwa ndani lakini komeo linanilinda nikiwepo tu, nikitoka je?

Barua nimeshaandika, nakala 2. Nimetaja tarehe ya leo, saa, nimetaja na vile vikaratasi, nimemuomba kuanzia sasa taarifa iwe ya maandishi angalau saa 24 kabla isipokuwa dharura, na kuna sehemu ya yeye kusaini kwamba ameipokea. Kesho namkabidhi mkononi, yule jirani amekubali kusimama shahidi ingawa anaogopa. Aliyewahi kupeleka barua ya hivi aniambie, mzee akigoma kusaini nakala yangu nafanyaje?