Tuanzie wapi kudai njia salama ya baiskeli mtaani kwetu?

Keria ya Nyuma:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na kila asubuhi naenda kazini Kariakoo kwa baiskeli. Wiki mbili zilizopita jirani yangu, ambaye hupeleka mikate madukani, aligongwa na daladala iliyompita kisha ikamkatia njia ili iingie kituoni. Amevunjika mkono, kreti la mikate tulilikuta mtaroni, na rimu ya mbele ilikuwa imepinda kama tarakimu ya nane. Tangu siku hiyo waendesha baiskeli saba wa mtaa wetu tumekubaliana kudai njia yetu, lakini kila mmoja ana lake: huyu anataka barua kwa waziri, yule anataka msafara wa baiskeli hadi Posta. Ofisi moja niliyoiendea iliniambia nirudi nikiwa na “andiko la mradi”, na hakuna aliyenifafanulia ni kitu gani. Tuanzie wapi?

Mtendaji Mstaafu:
Mpe pole jirani. Andiko la mradi ni maelezo tu ya maandishi: tatizo ni lipi na mnaomba nini kifanyike. Kabla ya kuandika chochote, jueni kwanza barabara hiyo iko chini ya nani. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Za wilaya na za mitaa ziko kwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Na miundombinu ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ina wakala wake, DART. Mkishajua, pelekeni hoja serikali ya mtaa ili iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye diwani aibebe. Ni njia ndefu, nakiri, lakini diwani asiye na muhtasari hana cha kushika mbele ya wenzake.

Fundi Spoki:
Nakubaliana na mzee wangu, ila muhtasari usio na takwimu hautafika mbali. Hesabuni. Watu wawili wakae pale kituoni kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, siku tatu za kazi, waandike baiskeli ngapi zimepita, ngapi za wanafunzi, ngapi zimebeba mizigo, na ni mara ngapi daladala imezikatia njia. Mhandisi huchora barabara kwa kufuata hesabu ya vyombo vinavyoitumia, na baiskeli isiyohesabiwa haimo kwenye mchoro. Kisha ombeni jambo moja tu: njia ya baiskeli ipite nyuma ya kibanda cha abiria na itenganishwe kwa ukingo wa zege, kwa sababu mstari wa rangi daladala itaukanyaga tu. Hata hivyo, ukingo nao una mipaka yake. Kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mwendokasi ulianza mwaka 2016, njia za baiskeli zipo, lakini mara nyingi hunilazimu kushuka na kukokota kwa sababu ya pikipiki zilizoegeshwa juu yake.

Mama Kengele:
Msafara nao msiudharau, ndugu zangu. Uholanzi tunayoisifu leo ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani mwaka 1971, wakiwemo watoto zaidi ya 400, na ni wazazi waliojitokeza barabarani kudai mauaji hayo yakomeshwe. Chama cha waendesha baiskeli cha huko kilifuata mwaka 1975. Hapa Dar es Salaam tunao UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambao una uzoefu wa misafara. Watafuteni kabla hamjaanza peke yenu. Polisi nao wapewe taarifa mapema, si chini ya saa 48.

Keria ya Nyuma:
Ahsanteni sana. Tumeulizia, barabara ni ya TARURA. Tunaanza kuhesabu Jumatatu, na msafara utasubiri hadi takwimu zipatikane. Jirani yetu ameomba awe mmoja wa waandishi: mkono uliofungwa plasta ni wa kushoto, na yeye huandika kwa wa kulia.