"i7 ni i7, boss": wauza laptopu wa Kisumu, acheni huu mchezo

Wadau, nina hasira, kwa hivyo salamu baadaye.

Nilitoka Kondele hadi mjini na Sh32,000 nilizodunduliza tangu Krismasi. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matanga. Kila duka nililoingia Oginga Odinga Street, kibandiko ni kilekile: Core i7 (jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa laptopu), RAM 8, SSD 256. Nauliza, i7 ya kizazi cha ngapi, yaani toleo la ngapi? Kijana ananicheka. "i7 ni i7, boss. Iko juu ya i5."

Juu ya i5 ipi?

Nikanunua, mjinga mimi. Kufika nyumbani nafungua mipangilio: i7-6600U. Kizazi cha 6, ya 2015, viini viwili (viini ndio wafanyakazi ndani ya prosesa). Viwili jameni! Binamu yangu wa Nakuru ana i5-8250U ya 2017, viini vinne, na alilipa pungufu. Yake imemeza Windows 11 bila neno. Yangu imekataliwa, kwa sababu orodha ya Microsoft ya prosesa za Intel huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno. Na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Msiniambie ningelinganisha mtandaoni. Ningelinganisha nini bila namba? Hata nilipoipata, ukurasa wa kwanza kufunguka ulinipa GHz peke yake, yaani kasi ya prosesa: 6600U ni 2.6, 8250U ni 1.6. Ungechagua ipi? Kumbe hiyo ni kasi ya msingi tu. Kazi ikipamba moto zote hupanda hadi 3.4, na zote ni za wati 15. Tofauti ni kwamba kwangu wanalima wawili, kwa binamu wanalima wanne. Video ya dakika kumi naiacha ikipika naenda kula omena, narudi bado inapika.

AMD, washindani wa Intel, nao wasijione malaika. Chukua prosesa yao Ryzen 5 7520U: ile 7 ya mbele ni ya mwaka 2023, lakini ile 2, tarakimu ya tatu, ndiyo inayosema ukweli. Ni Zen 2, muundo uliotoka 2019. Nani anasoma tarakimu ya tatu akiwa kaunta?

Nilirudisha mashine. Wakasema nilipata nilichoagiza, na risiti kweli imeandikwa "laptopu i7" basi.

Kuna duka hapa Kisumu linaloandika namba nzima kwenye kibandiko? Nitajieni. Mtaa wowote, hata Kibos nitafika.