Kempu gani ya mtoni huko Ozarks inafaa familia yenye watoto na bibi?

Kijana_wa_Kiboriloni:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nipo Columbia Missouri na familia, mwezi wa saba tunataka kwenda kulala mtoni sisi na familia nyingine mbili, watoto ni kijiji kizima, afu na mama yangu atakuwa ameshafika kutoka Moshi. Mama ana 70 na ushee, magoti yanamsumbua ila kasema kwenye hema atalala, hataki kusikia habari za hoteli, anasema hakupanda ndege masaa yote hayo aje aangalie kuta.

Nimesoma soma nimeona ukanda wa Ozarks kule kusini ndo kuna misitu na chemchemi nyingi, mito ya Current na Jacks Fork. Sasa kempu ni nyingi mpaka nachanganyikiwa, nimebakiza nne: Alley Spring, Pulltite, Two Rivers na Montauk. Picha zote zinafanana, mto, miti, meza ya mbao, basi. Vigezo vyangu: choo kisafi na shawa kwa ajili ya mama, watoto waogelee, tuchome mbuzi wetu kwa amani, na pasiwe na fujo za walevi maana nimesikia wikiendi huko ni balaa. Aliyewahi kufika naomba aniambie ukweli.

MamaNeema_STL:
Kaka shikamoo yangu mfikishie mama. Kwa vigezo vyako nenda Alley Spring, wala usijiumize kichwa. Ni kama maili 6 magharibi ya mji wa Eminence, barabara ya lami mpaka mlangoni, shawa zipo, vyoo vya kuflashi vipo, na kempu yenyewe ni kubwa kwaiyo familia tatu mnaweza kupata saiti za karibu karibu mkiwahi kubuku. Kwa mama ndo penyewe, chemchemi iko ng'ambo tu ya barabara, na pale kuna kinu cha zamani chekundu cha kusaga nafaka kilijengwa 1894, njia ya kwenda ni tambarare anatembea polepole na fimbo yake anakaa anaangalia maji. Hayo maji jamani, rangi ya bluu imechanganyika na kijani, yanatoka chini ya mwamba lita zaidi ya milioni 300 kwa siku, hayaishi mvua inyeshe isinyeshe.

Ila la muhimu kuliko kempu gani ni SIKU gani. Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana mwezi wa saba mto wote ni matyubu (yale maboya ya kuelea), bia na spika, haijalishi umelala wapi. Jumapili saa nane mchana wanafunga virago wote, kuanzia hapo mpaka Alhamisi mto ni wako. Ombeni likizo Jumatatu mpaka Jumatano mtanishukuru.

Afu usichague saiti ya mbele kabisa mtoni eti kwa sababu ya kuona mto vizuri. Asubuhi ukungu unapanda kutoka kwenye maji ya baridi unalowesha hema lote, nguo ulizoanika usiku unazikuta mbichi kuliko ulivyoziacha. Chukua saiti ya nyuma kidogo, yenye kivuli cha mchana, karibu na choo ila sio mlangoni pa choo maana taa inawaka usiku kucha na mlango unapiga pa pa pa.

Mvuvi_wa_Rolla:
Nampinga Mama Neema kidogo kwa heshima zote. Kwa mzee mwenye magoti mimi ningempeleka Montauk, ile ni parki ya jimbo, kuna saiti za umeme, kuna mgahawa, kuna duka, na ndo mto Current unapoanzia, chemchemi zinabubujika kwenye mchanga unaziona kwa macho. Kuna mabwawa ya kufugia samaki aina ya trauti, bibi na watoto wanaweza kushinda hapo wanaangalia samaki wanavyogombania chakula. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu mpaka 31 mwezi wa kumi unavua na unaondoka na samaki wako, unakata tiketi ya siku, asubuhi king'ora kinalia ndo watu wote wanatupa ndoano kwa pamoja, hapo utacheka, watu wazima wamejipanga bega kwa bega kwenye kamto unakoweza kukaruka.

Ubaya wake nausema mwenyewe: pale ni pa wavuvi, watoto wakitaka kuruka majini watakupa shida. Na kama una miaka 16 na kuendelea unataka kuvua unahitaji leseni, usijaribu ujanja, wale maafisa wa wanyamapori hawana utani.

papa_wa_CoMo:
Jambo ndugu yangu, na mimi niko hapa CoMo (Columbia). Sisi na batu ba kanisa tulikwendaka Alley, ile fasi ni muzuri sana, batoto walicheza mpaka wakachoka benyewe. Kitu kimoja tu, mayi iko baridi mubaya sana pale fasi mayi ya chemchemi inaingia mu mto. Mutoto anaruka, anatoka anapiga kelele! Mupande juu kidogo ya mto, mbele ya kufika ile fasi, kule mayi iko na joto. Njia mupite 63 mpaka Rolla, halafu Salem, halafu 19 inashuka mpaka Eminence. Ile 19 ni kona na milima mingi, batoto wasikule mingi mbele ya safari, nawaambia.

Kijana_wa_Kiboriloni:
Asanteni sana mmenisaidia. Maswali mawili. Moja, ile chemchemi yenyewe ya Alley watu wanaogelea ndani? Maana mama kashawaambia wajukuu habari za chemchemi ya Chemka kule Hai, kuruka kwa kamba kutoka kwenye mti, sasa wanajua wanaenda Chemka ya Marekani. Pili, mtu mmoja kazini kaniambia nisichukue saiti za karibu na mto kwa sababu ya mafuriko, mbona July ni kiangazi, mafuriko yanatoka wapi?

maji_chini_ya_mwamba:
Nijibu la kwanza haraka: hapana, kuogelea kwenye chemchemi zenyewe ni marufuku, Alley, Round Spring, Big Spring zote. Mtaangalia tu, kuogelea ni mtoni. Kwaiyo mama awatayarishe kisaikolojia mapema.

La pili ndo nataka kulikazia, mwenzako wa kazini anajua anachosema. Ile nchi chini ni mwamba wa dolomaiti uliotobokatoboka, mapango na mashimo kila mahali, mvua ikinyesha kidogo inazama inapotelea chini na ndo hiyo baadae inatoka kama chemchemi, nyuzi kama 14 za sentigredi mwaka mzima. Ndo maana Jacks Fork chini ya Alley una maji hata mwezi wa nane wakati huko juu yake mtumbwi unakwaruza kokoto. Ila ikija mvua kubwa ya ghafla mwamba haumezi yote, milima ni mikali, udongo mwembamba, maji yote yanakimbilia bondeni kwa wakati mmoja na bonde ndo mmelala nyie. Na mvua yenyewe inaweza kunyesha maili 20 juu yenu, nyie mnaona nyota.

Mwisho wa mwezi wa nne 2017 mto Current pale Van Buren ulipanda zaidi ya futi 37, rekodi ya zamani ilikuwa 29 ya mwaka 1904. Huo ni mwezi wa nne sawa, lakini kule Arkansas kempu ya Albert Pike, tarehe 11 mwezi wa sita 2010, maji yalikuja usiku watu wamelala, wakafa 20. Kwaiyo kiangazi hakikulindi na kitu.

Ukifika kwenye saiti kabla hujashusha hata deli la barafu, inua macho uangalie miti. Ukiona majani makavu, vijiti, kipande cha nailoni vimenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, vyote vimelalia upande mmoja, hapo maji yalishafika. Haina maana usilale, ina maana ujue mguu wako utakimbilia wapi usiku, na gari uliegeshe likiangalia njia ya kutokea. Kabla ya kuondoka nyumbani angalia geji za mto kwenye tovuti ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ipo ya Jacks Fork na ipo ya Current, unaona kimo cha mto kinavyopanda na kushuka. Fanya hiyo kazi mapema maana ukishashuka milimani simu inakuwa tochi tu, netiweki hakuna. Redio ndogo ya hali ya hewa inauzwa bei rahisi, nunua.

shosh_wa_Florissant:
Wee hii maneno ya mafuriko mtaogopesha mamake mtu arudi Moshi 😂 lakini ni ukweli. Mimi naona hakuna mtu ametaja parki ya Meramec, kwa sisi wa St. Louis iko karibu, kama saa moja hivi kwa I-44 hadi Sullivan, mto iko, mapango iko, miti iko. Lakini nikisema ukweli wa Mungu maji ya Meramec haifanani na ya Jacks Fork hata kidogo, ile ya Jacks Fork unaona hadi kucha za miguu. Kama mnatoka Columbia si mwende tu huko chini, tofauti ya barabara si kubwa hivyo.

Two Rivers wachana nayo kwa group kama yenu. Ni pazuri, mito mbili zinakutana hapo, lakini boti za injini zinapita na kelele na watoto wako kwa maji, roho yako haitatulia. Pulltite ni tulivu zaidi na ni ya watu wa mitumbwi, unapiga kasia kutoka hapo hadi Round Spring ni kama maili 9, siku nzima taratibu, poa sana kama ni watu wazima peke yao. Na mtoto chini ya miaka 7 akiwa kwa mtumbwi lazima avae jaketi ya kuelea, ni sheria ya Missouri, sio kuomba.

Na kupe! Mbona hakuna mtu amesema kupe? Kuna mmoja ana doa nyeupe kwa mgongo, huyo akikuuma unaweza pata aleji ya nyama nyekundu, yaani mbuzi, ng'ombe, kwisha, unabaki na kuku na samaki. Sasa fikiria Mchagga ameambiwa hivyo. Soksi ndefu, dawa kwa nguo, na jioni kila mtoto aangaliwe nyuma ya masikio na kwapani.

Mvuvi_wa_Rolla:
Hahaha Mchagga bila mbuzi hiyo ni talaka. Kuni msibebe kutoka nyumbani, nunueni kule kule, wanasisitiza watu wasisafirishe kuni kwa sababu ya wadudu wanaoua miti, kuna mdudu wa kijani anakausha miti ya ash na ameshaenea jimboni. Na soda na bia ziwe za kopo, chupa za kioo mtoni ni marufuku.

MamaNeema_STL:
Na chakula usiache nje usiku hata dakika, rakuni wanafungua deli kama wana vidole vya binadamu, walishatuachia mifupa mitupu ya kuku na kifuniko wamekiweka pembeni vizuri. Kila kitu kwenye buti la gari.

Kuhusu mziki, saa nne usiku ni kimya, wanapita kukagua. Mkitaka kuimba imbeni jioni, hakuna mtu atawasumbua.

Kijana_wa_Kiboriloni:
Wakuu nimeshabuku, Alley, tunaingia Jumapili jioni wenye spika wakiwa wameshatoka, tunatoka Jumatano. Nimepata saiti tatu zinazofuatana, za nyuma, moja ina umeme hiyo ni ya mama na mashine yake ya presha. Montauk tutapita siku ya kurudi, wale samaki wa kulishwa nimemwambia mama tayari ameanza kuuliza kama wanauzwa. Habari ya Chemka nimemwachia yeye mwenyewe awaeleze wajukuu.

Swali dogo la mwisho, jiko la mkaa naruhusiwa au ni ile chuma ya kempu tu? Ile chuma naona imeinuka sana, mbuzi ataiva mwezi wa nane.

papa_wa_CoMo:
Jiko lako leta ndugu, sisi tulichomaka na jiko yetu, hakuna mutu alisema kitu. Weka tu chini kwa kokoto, si kwa meza, na majivu umwage mu ile chuma yabo. Mukaa na ununue Salem, Eminence ni kamuji kadogo, beyi iko juu. Na mafuta ya gari jaza Salem pia.