Kiwanda cha zamani cha ngozi kugeuzwa makazi na shule: udongo upimweje?

Mjumbe wa Mtaa

Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu. Mtaani kwetu kuna kiwanda cha ngozi kilichofungwa miaka ya tisini, na sasa imependekezwa eneo lake ligawanywe viwanja vya makazi, kimoja kikiwa cha shule ya msingi. Mtaalamu mwelekezi wa mwekezaji alichota udongo wa juu katika sehemu kumi, akauchanganya na kupeleka maabara sampuli moja. Ripoti yake inataja kiwango cha kromi (madini yanayotumika kutengeneza ngozi) kwa jumla, kisha inahitimisha kwamba ardhi inafaa kwa makazi. Kamati ya mtaa imetakiwa kutoa maoni kabla mpango haujaidhinishwa. Mimi si mkemia, lakini wazee wanakumbuka kwamba nyuma ya kiwanda palikuwa na mabwawa ya majitaka yaliyofukiwa baadaye. Je, upimaji wa namna hii unatosha? Kama hautoshi, tudai nini?

Mkemia wa Udongo

Ndugu Mjumbe, hautoshi. Kasoro ya kwanza ni huko kuchanganya. Tuseme tunapima madini ya risasi, sehemu tisa zikiwa na miligramu 50 kwa kilo ya udongo na ya kumi ikiwa na 2,000: zikichanganywa, maabara itasoma 245. Kwa kiwango cha 400 ambacho Marekani ilikitumia miaka mingi kwa udongo wa makazi, kabla ya kukishusha hadi 200 mwaka 2024, eneo zima lingehesabiwa salama, na ile sehemu ya kumi ingeachwa ilivyo, labda katikati ya uwanja wa shule.

Kasoro ya pili ni hiyo kromi “kwa jumla”. Viwanda vingi vya ngozi hutumia chumvi za kromi ya valensi tatu (moja ya aina mbili kuu za kromi), ambayo sumu yake ni ndogo na ambayo hushikamana na udongo. Inayotisha ni ya valensi sita, kwani husababisha saratani ya mapafu ikivutwa kwa pumzi, na husafiri kwa urahisi katika maji ya ardhini. Ya kwanza yaweza kugeuka kuwa ya pili, ama polepole kwa sababu ya oksidi za manganizi (madini ya asili) zilizomo udongoni, ama kwa moto. Kwa hiyo ulizeni mabaki ya ngozi yalichomewa wapi, na majivu yake yalimwagwa wapi. Zaidi ya hayo, sampuli ikiyeyushwa kwa asidi, kromi ya valensi sita hubadilika kuwa ya valensi tatu humohumo maabara. Dai lenu liwe kwamba itumike njia ya alkali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), na sampuli zitunzwe kwenye baridi tangu zinapochotwa.

Pimeni pia aseniki, sumu iliyokuwa ikitumika zamani kuhifadhi ngozi mbichi.

Mpangamiji Mstaafu

Naunga mkono, ila mimi ningeanza kabla ya koleo kugusa ardhi. Tafuteni wafanyakazi wa zamani, ramani za kiwanda na picha za angani, ili ijulikane ngozi zililowekwa wapi, kemikali zilihifadhiwa wapi, na mifereji ilielekea wapi. Mashimo ya sampuli yafuate historia hiyo, nayo yashuke hadi udongo wa asili, kwa sababu udongo wa juu ya mabwawa yaliyofukiwa huenda uliletwa kutoka kwingine na hautawaambia lolote kuhusu tope lililo chini yake. Tope hilo likioza hutoa gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi, ambayo yaweza kupenya sakafu za nyumba.

Suala la shule lisichukuliwe kwa wepesi. Huko Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani, kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia maelfu ya tani za kemikali, kisha mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya elimu eneo hilo kwa dola moja. Hati ya mauziano yenyewe ilitaja kemikali hizo, na bado shule ikajengwa. Mwaka 1978 hali ya dharura ilitangazwa na familia zikahamishwa.

Mkazi wa Mombasa

Kwetu Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki udongoni. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Dai lenu litolewe sasa, kabla kibali hakijatolewa, maana baadaye mtalifuata mahakamani miaka mingi huku watoto wakiendelea kuishi humo.

Mjumbe wa Mtaa

Nawashukuru sana. Wenzangu wanauliza kama ingefaa shule ihamishiwe upande zilikokuwa ofisi, na mabwawa yawekwe zege yawe maegesho.

Mkemia wa Udongo

Huenda ikafaa, kwa sababu zege huzuia vumbi na mikono ya watoto. Hata hivyo, halizuii maji yanayopita chini yake. Kama ofisi ziko upande wa chini wa mteremko, chimbeni kwanza visima vya uchunguzi kati yake na mabwawa, maji yapimwe kiangazi na masika, na shule isichimbiwe kisima cha kunywa kabla ya majibu hayo.