Digrii ni ya uchumi lakini moyo uko kwa falsafa, masta nifanye ya nini?

mkokotezi254: Wasee habari za jioni. Nimemaliza digrii ya uchumi mwaka jana, hesabu naziweza, lakini swali linaloninyima usingizi ni mshahara wa haki ni upi na nani wa kuamua. Padri mmoja alitusomesha Rerum Novarum, ule waraka wa Papa Leo XIII wa 1891 kuhusu haki za wafanyakazi, tangu hapo sijapona. Nataka kufundisha chuo nikichanganya uchumi, falsafa ya siasa na mafundisho jamii ya Kanisa. Mamangu anauliza hiyo ni kazi gani.

wa_Rongai: Usianze na mchanganyiko. Kazi ikitangazwa huandikwa mhadhiri wa uchumi, basi. Mimi nilichanganya mapema, supavaiza wa uchumi akasema hii ni falsafa, wa falsafa akasema huu ni uchumi, miaka miwili nikapigwa danadana hivyo.

mzee_wa_laibrari: Hapo sikubali, huo ukuta kati ya uchumi na falsafa ni wa juzi. Adam Smith, anayeitwa baba wa uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili Glasgow, Amartya Sen alipata Nobel ya uchumi 1998 na Harvard amefundisha yote mawili. Na kijana mtafute Martín de Azpilcueta, padri msomi wa Salamanca kule Uhispania, mwaka 1556 alishaeleza kwamba pesa zikijaa nchini thamani yake inashuka, na unajua aliyaandika wapi? Kwa nyongeza ya kitabu cha mapadri wanaoungamisha! Alitaka kujua wabadilishaji pesa wanatenda dhambi ama la. Sasa nenda Kawangware uulize mtu wa mkopo wa simu kuhusu riba, uone kama hilo swali limezeeka.

Wanja_K: Nyote mko sawa kidogo. Cheti kiwe cha uchumi, swali litoke kwa falsafa. Mfano kanuni ya auni, Papa Pius XI aliiweka wazi 1931, kwamba kinachoweza kufanywa na walio chini wakubwa wasikinyakue. Si hiyo ndiyo vita ya kaunti 47 na serikali kuu kila mwaka juu ya mgao wa pesa? Hiyo ni tasnifu, data iko na falsafa iko. Halafu uko Nairobi bana, vyuo vya Kikatoliki CUEA na Tangaza viko upande wa Lang'ata, Hekima ya Wajesuiti iko Ngong Road, ingia mihadhara yao hata kabla hujajisajili.

mkokotezi254: Ya kaunti nimeipenda sana, asanteni. Mama nimemwambia ni mwalimu wa uchumi, ameuliza kama ni ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu wa shule.