Naomba ushauri: tumrudishe mama kwenye maporomoko ya Zambezi au tumpeleke Uyuni?

Mwanamwisho ameandika:
Ndugu wanajukwaa, jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa na nyumbani hatuelewani. Sisi ni watoto watatu, sote watu wazima, na tumechanga fedha ili tusafiri na mama yetu safari moja kubwa ambayo huenda isirudiwe. Yako mapendekezo mawili. La kwanza ni kurudi kwenye Maporomoko ya Victoria, ambako wazazi walitupeleka mwezi wa Oktoba nilipokuwa na umri wa miaka sita. Kumbukumbu hiyo ninayo hadi leo: nimevaa koti la mvua la njano linalonifika visigino, manyunyu yanatupiga kutoka chini kama mvua iliyopotea njia, na viatu vimejaa maji hadi kila hatua inalia. La pili ni uwanda wa chumvi wa Uyuni nchini Bolivia, ambako wakati wa mvua maji kidogo hutanda juu ya chumvi na anga lote huonekana chini ya miguu. Je, tuchague kumbukumbu au ndoto? Ningependa tuamue mapema, kabla mambo hayajachelewa.

Mpanda_Vilele amejibu:
Uyuni nilifika mwezi wa Februari na sijaona mahali pengine panapofanana napo. Uwanda una zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na asubuhi isiyo na upepo hujui mawingu yanaishia wapi. Hata hivyo, kioo hicho hakipo mwaka mzima. Hupatikana katika miezi ya mvua, hasa Januari hadi Machi; wakati wa kiangazi utakuta chumvi kavu iliyojichora vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Maji yakizidi, magari hayafiki kwenye kisiwa cha Incahuasi chenye madungusi marefu. Jambo kubwa zaidi ni mwinuko, kwa kuwa uwanda uko takriban mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilitua El Alto, uwanja wa ndege ulio juu ya mita 4,000, nikapanda basi bila kupumzika, nikaumwa kichwa siku mbili. Mama ana umri gani, na afya yake ikoje?

Bundi_wa_Ziwa amejibu:
Achaneni na hayo yote, nendeni Kanada mkaone Lake Louise. Rangi yake ya feruzi hutokana na unga wa mwamba unaosagwa na barafu ya milimani na kuletwa na maji yanapoyeyuka. Sisi tulikwenda katikati ya Mei kwa kuwa tiketi zilikuwa nafuu, na hakuna aliyetuambia kwamba ziwa huwa bado limeganda. Watoto walilitazama lile tandiko jeupe, kisha wakanitazama mimi. Mwanangu mdogo akaokota kokoto akairusha, nayo ikateleza ikilia kama ndege, mlio ambao sikuwahi kuusikia popote. Alirusha kokoto kwa saa nzima. Leo ukimwuliza kuhusu safari zetu zote, hiyo ndiyo anayoisimulia.

Kobe_Msafiri amejibu:
Kwa kuwa swali ni kumbukumbu au ndoto, napendekeza mlale tu. Usingizi hutoa vyote viwili na haudai viza.

Mwanamwisho amejibu:
Nawashukuru wote. Mama ana miaka 71, anatembea mwenyewe, moyo na mapafu yake hayana tatizo, na daktari hajatuzuia kupanda mahali pa juu. Tunafikiria Januari.

Muuguzi_Mstaafu amejibu:
Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Kwanza, daktari hajawazuia, au hamjamwuliza? Pili, uliandika “kabla mambo hayajachelewa”. Mama wa miaka 71 anayetembea mwenyewe hana haraka ya namna hiyo. Yachelewe mambo gani?

Mwanamwisho amejibu:
Sikutaka kuliweka hapa kwa sababu mama hapendi lizungumzwe. Ana glakoma. Jicho la kushoto linaona kidogo sana, na la kulia limeanza kupungua pembeni, kiasi kwamba ukimkaribia kutoka upande anashtuka. Daktari ametueleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba matone anayotumia ni ya kulinda kilichobaki. Ndiyo sababu nataka aone kitu kikubwa angali anaona. Maporomoko alishayaona. Pia niseme wazi kwamba malipo ya awali ya Uyuni nimekwisha kuyafanya, na nusu yake hairudishwi. Ndugu zangu bado hawajui.

Muuguzi_Mstaafu amejibu:
Nilihisi. Basi sikiliza, kwa maana hili si la kubahatisha. Asetazolamidi, dawa ambayo watu wengi humeza ili kujikinga na ugonjwa wa mwinuko, ndiyo hiyo hiyo hutumika kushusha presha ya macho. Mama asije akapewa na kiongozi wa safari juu ya dawa anazotumia tayari bila daktari wake wa macho kujua. Isitoshe, mwanga wa jua ukigonga chumvi nyeupe huwa mkali mno hata kwa macho mazima. Sisemi msiende, nasema swali hilo lilipaswa kuulizwa kliniki kabla ya kulipa.

Nyayo_za_Wahenga amejibu:
Nitasema ukweli hata kama utauma. Watoto wa siku hizi mnawapeleka wazazi mahali palipo pazuri kwa picha, kisha mnaita hayo malezi. Umelipa bila kushauriana na ndugu zako, halafu unaomba ushauri kwa watu usiowajua.

Bundi_wa_Ziwa amejibu:
Kama ni Januari, basi Lake Louise lina barafu nene kiasi cha watu kuteleza juu yake. Nilitaka kuliongeza hilo tu.

Fimbo_Nyeupe amejibu:
Baba yangu alipoteza macho kabisa, na nimesafiri naye mara nne baada ya hapo, kwa hiyo nizungumze kidogo. Mahali palipomchosha kuliko pote ni kwenye kilele maarufu ambapo kazi yetu yote ilikuwa kumsimulia mandhari. Alikuwa akiitikia kwa adabu. Mahali palipomfurahisha ni ufukwe wa changarawe, kwa kuwa kila wimbi lililorudi liliburuta mawe kwa sauti tofauti, naye akawa anatuambia sisi lipi lilikuwa kubwa. Maporomoko unayoyataja wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani Moshi Unaonguruma, muda mrefu kabla Livingstone hajafika mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wake. Mngurumo huo mtu huusikia kabla hajayafikia maji, na manyunyu huyapokea kwa ngozi. Uyuni ni kimya na picha. Umemwuliza mama mwenyewe anataka nini?

Mwanamwisho amejibu:
Mama ni mtu wa kusema “popote mtakaponipeleka ni sawa”. Ni kweli kwamba mara moja alisema angependa kuyasikia tena maporomoko, lakini nilidhani anasema hivyo ili kutupunguzia gharama. Picha ya Uyuni imebandikwa ukutani kwake mwaka wa tatu sasa, na huitazama kila siku.

Fimbo_Nyeupe amejibu:
Nani aliibandika?

Mwanamwisho amejibu:
Mimi.

Hesabu_Kali amejibu:
Samahani kwa kuingilia, lakini kuna jambo halinikai sawa. Mleta mada ameandika kwamba walikwenda Oktoba, na kwamba alilowa hadi viatu vikajaa maji. Zambezi hujaa hapo kwenye mwezi wa Aprili, kwa sababu mvua za nyanda za juu huchukua muda mrefu kupita kwenye mabonde ya mafuriko kabla ya kufika. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo maji huwa machache kuliko wakati wote. Upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mtupu, na hata upande wa Zimbabwe, ambako maji hayakauki, huna haja ya koti linalofika visigino. Ama hii ni hadithi ya kutunga yenye mama mgonjwa ndani yake, ama mleta mada hajawahi kufika.

Kobe_Msafiri amejibu:
Sasa uzi umenoga. Nami nilikuwa nimeanza kuhuzunika.

Nyayo_za_Wahenga amejibu:
Nilijua tangu mwanzo. Kumsingizia mzazi ugonjwa ni kujitafutia laana.

Mwanamwisho amejibu:
Sina sababu ya kutunga ugonjwa wa mama yangu. Nilifika, na picha ninayo: mtoto ndani ya koti la njano, nyuma yake ukungu mtupu. Hesabu_Kali, hukuwepo.

Muuguzi_Mstaafu amejibu:
Uso wa mtoto huyo unaonekana?

Mwanamwisho ameandika, siku mbili baadaye:
Nimerudi, na nianze kwa kumwomba radhi Hesabu_Kali. Katika picha hiyo kofia ya koti imefunika uso wote, kinachoonekana ni kidevu. Nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, akacheka, akaniambia kwamba mtoto yule ni yeye. Ilikuwa Aprili, mwaka mmoja kabla sijazaliwa, wazazi walipokwenda naye peke yake. Ile safari yetu ya Oktoba ilikuwepo kweli, ila kulikuwa na joto kali na miamba mikavu, na kaka anasema nililia nikiuliza moshi uko wapi. Mama ndiye aliyekuwa akinisimulia ya Aprili kila usiku tuliporudi, ili ninyamaze. Viatu vilivyolia vilikuwa vyake.

Kwa hiyo nilimwuliza mama moja kwa moja, nikamweleza pia kuhusu malipo niliyoyafanya. Alikasirika kuhusu fedha kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema picha ya ukutani ni nzuri, lakini kwa muda sasa anachoona ni weupe tu, na hakutaka kunivunja moyo.

Hesabu_Kali amejibu:
Nami naomba radhi kwa neno “kutunga”. Mkienda Aprili, fahamuni kwamba ukungu huwa mzito hata wenye macho mazima hawaoni maji yanakoangukia, kwa hiyo mtakuwa sawa na mama. Pitieni upande wa Zimbabwe, kwenye njia ya msitu unaoishi kwa manyunyu hayo. Kwa sehemu kubwa ni tambarare, ingawa huteleza. Simu ziwekeni ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mwanamwisho amejibu:
Tumekubaliana Aprili. Kliniki tunakwenda Jumatatu, ingawa safari si ya milimani tena. Kaka amelipata lile koti, lakini kwa sasa halimfiki mtu yeyote kiunoni.

Mpanda_Vilele amejibu:
Na nafasi ya Uyuni iliyolipiwa nusu, inauzwa?